Baiskeli ya kukunja: nichukue ipi, na mke nimwambieje?

*Safu ya Mjomba Spoku*

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mpwa wako niliyeko Uingereza, huu mwaka wa sita. Naishi mji mdogo nje ya London, kazi naifanya hospitali moja London kwenyewe, kitengo cha kuhamisha wagonjwa. Ukiona mgonjwa kalala kitandani anapelekwa eksirei, anayekisukuma kile kitanda ni mimi. Nina zamu nne kwa wiki.

Shida yangu si treni. Treni ni dakika thelathini na tano tu, nakaa nasinzia. Shida ni vipande viwili vya mwanzo na mwisho. Kutoka nyumbani hadi stesheni ni kilomita nne, basi pauni 3. Nikishuka London kuna kilomita tatu na nusu hadi hospitali, basi pauni 1.75, na kwa foleni ya asubuhi lile basi linatambaa kama kobe. Jioni ni hivyo hivyo kurudi. Mara mbili nimechelewa zamu, na msimamizi ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya kawaida, ya magurudumu makubwa, pauni 180 mtumba. Siku ya kwanza nikataka kupanda nayo treni ya asubuhi. Kondakta akanizuia mlangoni, akasema saa za msongamano baiskeli kubwa haziingii. Nikawa naifunga stesheni. Mwezi wa pili nikarudi jioni, mvua inanyesha, nikakuta gurudumu la mbele tu limefungwa na kufuli langu zuri. Fremu na vyote vilivyobaki vimeshaondoka. Nilisimama pale na ufunguo mkononi nisijue hata nifungue nini.

Sasa naona watu wanaingia na baiskeli za kukunja na hakuna anayewauliza. Mwenzangu kazini anayo Brompton, anaapa hakuna baiskeli nyingine duniani. Nilipouliza dukani mpya, nikaambiwa pauni 1,400. Nilimtajia mke wangu. Akaniuliza, "Hizo ni tofali ngapi Kibaha?" Tuna kiwanja kule, msingi umekwisha, ukuta haujaanza. Nikanyamaza.

Kuna duka lingine wana ya kukunja ya gurudumu la inchi 20, pauni 260, inang'aa. Kuna mtu mtandaoni anauza Brompton pauni 280, anasema anahama nchi, anataka fedha taslimu, tukutane maegesho ya magari ya supamaketi. Na binamu yangu wa Manchester ananishawishi nichukue ya umeme, eti kilima cha kwetu kitanimaliza. Kilima kipo kweli, ila si kirefu.

Nikuambie na haya: nina futi sita na inchi mbili, kilo 92. Tunakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Na mgongo, Mjomba, mgongo kwa kazi hii umeanza kulalamika.

Nichukue ipi? Na mke nimwambieje?

Wako,
Msukuma Vitanda

*

Marahaba mpwa wangu.

Hilo gurudumu lililobaki na kufuli nimelicheka, kisha nikasikitika. Ulifunga gurudumu ukaacha fremu. Siku nyingine ukifunga baiskeli yoyote, mnyororo upite kwenye fremu kwanza, gurudumu baadaye. Lakini tuliache, maana baiskeli ninayotaka uinunue hutaifungia nje kamwe, hata dakika tano za kuingia dukani. Ukiingia unaingia nayo.

Barua yako imetaja inchi, pauni na umeme. Hukuniambia hata mara moja utaikunja mara ngapi, nami hilo ndilo la kwanza ninaloliuliza. Hebu tuhesabu. Asubuhi unaikunjua chini ya nyumba, unaikunja stesheni, unaikunjua London, unaikunja hospitali. Hizo nne. Jioni nne nyingine. Nane kwa siku, thelathini na mbili kwa wiki, na mwaka wa kazi ukiisha umeikunja na kuikunjua karibu mara elfu moja na mia tano. Kuiendesha ni robo saa huku na robo saa kule. Muda uliobaki unaibeba, unaisukuma, unaibana katikati ya miguu ya watu, unapanda nayo ghorofa ya tatu ukiwa umetoka kusukuma vitanda kutwa nzima. Dukani watu hupanda baiskeli, wakazunguka kidogo barabarani, wakarudi wanatabasamu. Ya treni haijaribiwi hivyo. Inajaribiwa kwa kubebwa.

Basi kabla hujatoa senti, fanya hivi leo jioni. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 10, hapo nyumbani najua haukosekani, na chupa mbili za maji za lita moja moja. Tia vyote kwenye begi la mkono mmoja. Hizo ni kilo 12, ndio uzito wa Brompton ya kawaida ya chuma, pungufu au zaidi kidogo kulingana na gia. Shuka nalo chini, panda nalo hadi mlangoni. Usilibadilishe mkono hadi ghorofa ya pili. Ukifika juu, ongeza chupa nne za lita moja, urudie. Hizo kilo 16 ndizo za baiskeli nyingi za bei rahisi, na Brompton ya umeme ikiwa na betri yake iko karibu hapo hapo au zaidi kidogo. Mgongo wako utakujibu vizuri kuliko mimi.

Nadhani kwa jibu hilo la umeme tumemalizana na binamu, lakini nimwongezee moja. Tangu tarehe 31 Machi 2025 mamlaka ya usafiri ya London imepiga marufuku baiskeli za umeme zisizokunjika kwenye treni zake. Zinazokunjika zimeachwa. Kwa hiyo ya umeme ya kukunja ungeruhusiwa nayo, siyo sheria inayokukataza. Ni ngazi. Na asikudanganye mtu kukufungia mota na betri ya mafungu kwenye baiskeli ya kawaida. Betri za namna hiyo ndizo zinazowaka moto, na wewe utailaza wapi usiku kama si kwenye korido ya nyumba yenye watoto? Kilima ulichosema si kirefu, gia tatu zinakitosha. Siku za kwanza utashuka uisukume baiskeli, wiki ya tatu utakipanda umekaa.

Sasa gurudumu la inchi 16, ndilo la Brompton, na la inchi 20. Hapa mwenzako wa kazini amekosea kidogo. Baiskeli nyingine nzuri zipo. Dahon wako sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tern walitoka ukoo huo huo mwaka 2011, mtoto alijitenga na baba akafungua kampuni yake. Kuna Birdy iliyobuniwa na Wajerumani, yenye springi mbele na nyuma, tamu barabarani ila bei yake usimtajie mkeo kabisa. Gurudumu la inchi 20 linapita shimo kwa adabu kuliko la 16, usukani wake hautikisiki sana, na mtu mrefu kama wewe unakaa vizuri. Kama ungekuwa unaendesha kilomita kumi, treni yako tupu, nyumba yako ya chini, ningekuambia chukua Dahon au Tern ya inchi 20 na usinisumbue.

Lakini ikikunjwa, ya inchi 20 ni pande la sanduku: urefu kama sentimita 80, kimo 65 hadi 70 na zaidi, unene karibu 40. Brompton ikikunjwa ni sentimita 65 kwa 59 kwa 27. Huo unene wa 27 ndio unaoulipia. Inaingia pale katikati ya viti viwili vilivyopeana mgongo, mahali ambapo begi la kawaida hukaa. Ile nyingine inabaki njiani, na kila abiria anayekwenda chooni anakuangalia kama umemnyima haki yake. Kampuni nyingi za reli huko zinapokea baiskeli iliyokunjwa bure, saa yoyote, bila kuweka nafasi, ila zinataka iwe imekunjwa kweli, na baadhi zinaweka kikomo cha gurudumu kuwa inchi 20. Sheria haikubagui, nafasi ndiyo inayokubagua.

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kuliona kwenye picha. Nilikuwa na baiskeli ya kukunja ya bei ya kutupa, ya inchi 20, miaka ile nilipokuja huko kumtembelea binti yangu. Jina la kampuni nalihifadhi. Fundi mzima wa Tanga, miaka thelathini chini ya mwembe, nikajinunulia kwa rangi! Ilikunjika katikati vizuri tu. Ila hakukuwa na kitu cha kuzishika zile nusu mbili zikae pamoja, hakuna sumaku, hakuna ndoano, kumewekwa kamba ya mpira kama ya kufungia kuku. Nikiwa ngazini stesheni, watu mbele watu nyuma, ile kamba ikachomoka. Baiskeli ikatanuka miguu. Pedeli likamshika bwana mmoja kwenye suruali, cheni ikampaka grisi kuanzia goti hadi kisigino, suruali ya kijivu ya ofisini. Hakusema neno. Waingereza wakikasirika sana hawasemi. Nilitamani anitukane.

Brompton haikufanyii hivyo kwa sababu ya namna ilivyofikiriwa. Aliyeibuni, Andrew Ritchie, alikuwa mhandisi, akaianza katikati ya miaka ya 1970 chumbani kwake London, dirishani akiliona kanisa la Brompton Oratory, ndiko jina lilikotoka. Alikwisha kuiona baiskeli ya kukunja ya mtu mwingine, ya aluminiamu, akasema mimi nitafanya bora zaidi. Na angalia anavyokunja. Kwanza gurudumu la nyuma linapinduliwa chini ya fremu, baiskeli inasimama yenyewe kama mbwa aliyekaa. Unaweza kuiacha hivyo ukitafuta tiketi mfukoni. Halafu unalegeza kibano cha katikati, nusu ya mbele inazunguka na kujilaza ubavuni mwa nyuma, ndoano ndogo inadaka. Usukani unaangushwa upande. Mwisho unashusha kiti, na nguzo ya kiti ikishuka ndiyo kufuli: inazuia gurudumu la nyuma lisifunguke tena. Cheni yote inabaki katikati ya magurudumu mawili, ndani, mbali na suruali za watu. Mtu aliyezoea anamaliza kwa sekunde ishirini au chini yake. Wewe wiki ya kwanza utatumia dakika nzima na utajibana kidole. Fanyia mazoezi sebuleni, siyo kwenye jukwaa la stesheni treni ikiwa inaingia.

Na kwa mgongo wako kuna siri ambayo wengi waliozinunua hawaijui. Ukiikunja bila kuangusha usukani, na ikiwa ina vigurudumu vidogo kule chini, unaisukuma kwa usukani kama toroli. Kusukuma ndiyo kazi yako, sihitaji kukufundisha. Begi nalo usilibebe mgongoni. Mbele ya fremu kuna kitako kidogo cha kushikiza begi, uzito unakaa kwenye fremu, hauko kwenye usukani wala mabegani. Hiki kitako chenyewe ni plastiki ya bei ndogo, kama unayoinunua haina, idai.

Kuhusu kimo chako. Futi sita na inchi mbili siyo tatizo ila siyo wa kuchukua ya kwanza unayoiona. Pima mguu wa ndani, kutoka msamba hadi sakafuni, bila viatu. Nguzo ya kiti ya kawaida hutosha mguu wa hadi kama sentimita 84. Wewe nadhani umeipita. Kuna nguzo ndefu, ambayo inafanya kifurushi kiwe kirefu kidogo kikikunjwa, na kuna ya vipande viwili vinavyoingiana, ambayo haiharibu kifurushi ila ina kibano kimoja zaidi cha kuhangaika nacho kila mara. Chukua ndefu. Ukiendesha na kiti kifupi, magoti yataungana na mgongo kukulalamikia. Uzito wako uko salama: kikomo ni kilo 110, mtu na mzigo wake. Umebakiwa na kilo 18, kwa hiyo usimpakie mtu. Hizo za bei rahisi soma kibandiko, kuna ambazo wewe na begi lako tayari mmeshavuka.

Ile inayong'aa ya pauni 260 nenda kaione hata hivyo, upate kujua ninachokuambia. Simama ubavuni mwake, bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma huku kidole cha mkono wa pili kimegusa bawaba ya katikati, pale pande mbili zinapokutana. Ukisikia kidole kinagongwa, tik tik, hata kidogo, iache hapo hapo. Bawaba inayocheza dukani ikiwa mpya, baada ya kukunjwa na kukunjuliwa mara elfu moja na mia tano itakuwa nini? Fanya vivyo hivyo na bawaba ya usukani, maana hiyo ikikatika uko mwendo unaangukia meno.

Na huyo wa maegesho ya supamaketi, pauni 280, anahama nchi. Mpwa wangu. Wewe ndiye uliyesimama mvuani na ufunguo usio na kitasa. Unadhani baiskeli yako iliuzwa wapi? Muombe namba ya fremu kabla hamjakutana, uiangalie BikeRegister, ndiyo daftari ambalo polisi wa huko hulitumia kutafuta baiskeli zilizoibwa. Akianza kukuambia namba imefutika, au ataituma baadaye, mtakie safari njema. Anaweza akawa mtu mwaminifu kweli anayehama, sikatai. Lakini Brompton nzima haiuzwi kwa bei hiyo na mtu anayejua anachouza.

Tuje kwenye fedha, maana mkeo ameuliza swali la haki na wewe ukanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuangusha. Chukua kalamu. Basi la kwenu pauni 3 kwenda, 3 kurudi. La London 1.75 kwenda, 1.75 kurudi. Jumla 9.50 kwa siku. Siku nne, pauni 38 kwa wiki. Toa likizo, toa siku za theluji na siku za uvivu, weka wiki 40 tu za mwaka: pauni 1,520. Fedha hizo zinatoka nyumbani kwenu sasa hivi, kila mwaka, na hakuna tofali hata moja linalokwenda Kibaha. Mkeo hazioni kwa sababu zinatoka tatu tatu.

Sasa nenda kwa watu wa mishahara hapo hospitali uwaulize kama wana ule mpango wa kununua baiskeli kwa kukatwa mshahara kabla ya kodi. Uingereza uko tangu 1999, na waajiri wengi wa afya wanao. Mfanyakazi wa kiwango cha kawaida anaokoa asilimia 28: ishirini za kodi na nane za bima ya taifa. Baiskeli ya 1,400 inakugharimu kama 1,008, na taa, kofia na kufuli vinaingia humo humo. Ukigawanya kwa miezi kumi na miwili ni pauni 84 kwa mwezi mfukoni mwako, wakati basi, kwa wiki nne za kazi, linakula zaidi ya 150. Mwishoni kuna ada ndogo ya kuimiliki, uliza ni kiasi gani kabla ya kusaini.

Lakini kuna mtego, na kwa daraja lako la kazi nautaja mapema usije ukamtangazia mkeo halafu ukaaibika. Makato hayaruhusiwi kuushusha mshahara wako chini ya kima cha chini cha kisheria. Wasukuma vitanda wengi mishahara yao imekaa juu ya mstari huo kwa unywele. Wakikukatalia, uliza kama muda unaweza kuwa miezi 18 au 24, makato ya mwezi yanakuwa madogo na pengine unapita. Wakikataa tena, usigombane nao, si roho mbaya yao.

Hapo ndipo unapochukua mtumba, na mimi kwa kweli nisingeona aibu kuanzia huko. Duka linalouza Brompton zilizotumika na kukupa risiti, gia tatu, kama pauni 600 hadi 800. Ukiipata kwa 700, wiki ya kumi na tisa basi limeshakulipia. Usichague gia sita kwa ajili ya kilima kimoja. Usitazame za titaniamu, zina kilo saba na nusu na zinapendeza kama bibi harusi, lakini ni zaidi ya pauni 3,500. Hizo ni za watu ambao wake zao hawana kiwanja Kibaha. Katika mtumba angalia bawaba nilivyokufundisha. Tazama rimu, pale breki inapobana: ukipitisha ukucha ukaona pamechimbika bonde, rimu imekwisha, punguza bei au ondoka. Ikunje mwenyewe mara tano mbele ya muuzaji. Asiyekupa nafasi ya kuikunja mara tano ana sababu.

Tairi, mpwa wangu, usisahau tairi. Gurudumu dogo likikosa upepo ni kama kuendesha kwenye mchanga wa ufukweni. Ukiambiwa upepo wa pauni 100 kwa inchi ya mraba, weka 100, siyo "imekaza inatosha" ya kubonyeza kwa dole gumba. Nunua pampu ya kusimama yenye saa ya kupimia upepo, kila Jumapili pampu. Weka tairi zile zenye utando wa kuzuia miiba, maana pancha ya gurudumu la nyuma la Brompton ni kazi: nati mbili za spana namba 15, waya wa gia wa kufungua, kikaza cheni cha kutoa. Ungekuwa huku Tanga ungeniletea nikakufanyia huku unakunywa kahawa ya kikombe kidogo. Fundi wa Uingereza atakuambia njoo Alhamisi wiki ijayo. Kwa hiyo jifunze, na spana moja ndogo iwe kwenye begi. Madigadi yawepo, mvua ya huko unaijua. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, giza likiingia ni sheria.

Hospitali nayo, ongea na mkuu wa kitengo mapema kuhusu mahali pa kuiweka, na ununue mfuko wa kuifunika. Baiskeli yenye tope wodini haitapendwa na manesi, na wana haki.

Kwa mkeo, usiende na picha ya baiskeli. Nenda na ile karatasi ya 1,520, muache aisome mwenyewe hadi chini, usimkatize. Halafu mwambie pauni 38 za kila wiki, kuanzia wiki ya ishirini, zinakwenda kwenye akaunti ya Kibaha kwa jina la nyumba, na afungue yeye hiyo akaunti. Na kuna jambo hukuliwaza wala yeye hakuliwaza. Kile kiti kinashuka na kupanda kwa kibano kimoja, sekunde tatu, bila spana. Pigeni alama ya rangi ya kucha kwenye nguzo, moja yako juu, moja yake chini. Wewe una zamu nne, wiki ina siku saba. Hizo tatu zilizobaki baiskeli ni yake.